Iko na Kilio

Sinia tuliloliacha hewani limeshafika chini. Samaki wawili wa Lualaba wamelala vumbini, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, imeruka hadi kwenye viatu vya mteja aitwaye Christophe, na Mama Plamedi amesimama mikono mitupu akimtazama mgeni aliyetokea mlangoni.

Mgeni ni Élysée, mchimbaji wa dhahabu kutoka Lusangi. Katika Kasongo nzima ni yeye peke yake anayejua huyu mama muuza chakula ni mjane wa nani. Akilitamka jina la marehemu tu, kazi yote imeharibika, kwa sababu meza ya pili kutoka mlangoni ameketi Marcellin.

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa karanga, nisikilize kidogo. Marcellin ni PDG. Ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo. Ni mtoto wa Kasongo hapa hapa, shamba la mpunga la baba yake bado lipo, ila siku hizi hata njia ya kwenda huko ameisahau.

Mwaka juzi shimo lake la Lusangi liliporomoka. Mchimbaji mmoja akatolewa akiwa hai, mguu umesagika, damu inamtoka. Prado ya Marcellin ilikuwa pale pale, injini inawaka. Wenzake wakambeba hadi mlangoni.

"Musimuweke humu," Marcellin akasema. "Siti iko mupya. Damu haitokake."

Akamwamuru dereva aondoke. Wale watu wakamfunga mwenzao juu ya baiskeli, wakaisukuma. Alikata roho kabla ya kuiona Kasongo.

Marehemu aliitwa Bisimwa. Likamate jina hilo, msomaji, usilipoteze. Shimoni walimwita Torshi, yaani tochi, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kushuka, taa kwenye paji la uso. Mkewe Marie-Jeanne hakuwepo siku ile. Alikuwa Kabambare, ametoka kujifungua mtoto wa kike, Plamedi.

Umeshaelewa. Miezi yote hii mjane anampikia Marcellin nyuma ya soko la Kasongo, na Marcellin hajauliza hata siku moja baba yake Plamedi ni nani. Mtu anayekula kwa mkono wako kila mchana bila kukuuliza jina, yatakayompata mimi sitamlilia. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana.

"Mama..." Élysée akaanza.

"Mama Plamedi, ni mie," mjane akamdakia. "Umeleta makala ya kuwasha moto? Pitisha ku jiko. Na unitazamie samaki ingine, hii imeanguka."

Marcellin aliinua macho kwenye simu yake. "Huyu ni nani?"

"Wa makala."

Élysée alikuwa amechimba shimoni kwa Marcellin misimu mitatu. Marcellin akamtazama usoni, akarudi kwenye simu. PDG hujua gramu, sura hazijui.

Jikoni, Élysée aliona mkono wa Mama Plamedi. Chini ya bangili, nusu umefichwa, ulikuwepo uzi mweusi wa msiba.

"Ungali na kilio?" akanong'ona.

"Nani atanitoa? Weye unajua sheria ya kambi."

Élysée aliijua. Kambi ya Lusangi ina watu wa kila upande na kila dini, kila mmoja na desturi za kwao, kwa hiyo walikubaliana juu ya moja ya wote. Mtu akifa kwa sababu ya shimo, mwenye shimo mwenyewe anampeleka mjane hadi mtoni, anamshika mkono, anaingia naye majini, na uzi unakatwa. Akifanya hivyo amekubali mbele ya watu kwamba kifo kile ni chake. Analitaja jina la marehemu, kisha anakaa kwenye mkeka wa msiba. Uzi ukishakatwa, mpaka akae, hakuna mchimbaji atakayeshuka katika mashimo yake.

Marcellin aliitwa mara mbili. Alijibu kwamba hana nafasi. Ndiyo maana Marie-Jeanne hajaweza kutoka kwenye msiba wake, hajaweza kucheka vizuri, hajaweza hata kusuka nywele.

"Atakataa tena," Élysée akasema.

"Hatakataa. Hatajua."

"Hii ni kisasi, Marie-Jeanne."

"Ndiyo jina yake. Siku nitatuma habari, weye ulete watu wote wa shimo kwa mayi ya mto, kule Nyangwe. Wasiongee hata moja."

Akatwaa sinia jingine, akatoka nalo.

Mezani vita vilikuwa vimepamba moto. Meza ile watu wa soko wanaiita Sena, yaani Seneti, maana kila mchana wazee wake wanajadili motokari na hakuna sheria inayopita. Leo ilibidi ipite. Marcellin alitaka kununua, na kwenye simu yake kulikuwa na picha tatu.

Upande mmoja alikaa Sumaili, dereva wake. Sumaili ameendesha malori ya Kabambare tangu ujana, na kwake gari ni moja tu.

"Land Cruiser, patron. Ile inajua njia yetu kuliko mie. Ukilala, inakufikisha."

"Ile ni motokari ya ONG, ya watu wa misaada," Christophe akasema. Huyu ni mnunuzi wa dhahabu, rafiki wa Marcellin wa kula na kucheka, na fulana yake ina nyota ya Mercedes. "PDG akipita nayo, watu watapanga mustari wangoje chandarua."

Meza ikacheka. Sumaili akatafuna muhogo wake taratibu.

"Mercedes G," Christophe akaendelea. "Funga tu mulango yake, sikiliza. Ka. Hakuna mulango ingine inafungaka vile."

"Iko na sura ya kabati," Marcellin akasema.

"Kabati ya wakubwa."

"Mie roho yangu iko kwa hii Range Rover. Tazama. Inashuka yenyewe, bibi anapanda bila kuinua muguu, halafu inasimama tena."

"Mu tope ya Lusangi kila motokari inashuka yenyewe," Sumaili akajibu. "Kazi ni kusimama tena."

"Weye unajua nguvu yake? Unakanyaga, kabla ya kupumua iko kwa mia."

"Mia wapi, patron? Kutoka hapa mpaka Lusangi hakuna fasi ya mia. Mia utaiona mu telefone tu."

Christophe alipiga meza kwa furaha, akamwambia Sumaili kwamba mtu aliyezoea lori asiulizwe habari za viatu vya ngozi. Sumaili akamwuliza hiyo G yake ameiona wapi, barabarani au kwenye fulana. Marcellin naye akaanza kutetea Range yake kwa sauti ya mtu anayetetea mke, na wenye meza za jirani wakasogeza viti. Ilibaki kidogo washikane mashati.

"Basi," Marcellin akasema. "Mama Plamedi, weye hauna upande. Chagua."

Aliweka samaki mezani, akapangusa mikono, akazitazama zile picha moja moja. Hakuwa na haraka.

"Ni gani iko na siti nyeupe?"

Vicheko viliamsha hata waliokuwa wamesinzia nje. Ni mtu mmoja tu hakucheka. Kijiko cha Sumaili kilisimama njiani, kikarudi sahanini.

"Sisi tunaongea moteri, mama anatafuta siti," Christophe akasema, machozi yanamtoka.

"Mie sikalake juu ya moteri. Nakalaka juu ya siti."

"Amesema kweli," Marcellin akasema, uso umemng'aa. "Range iko na siti nyeupe. Nyeupe pe. Mama Plamedi amechagua."

"Na ikichafuka?"

"Motokari yangu? Haitachafuka. Mie na siti yangu, uliza mutu yeyote."

"Nimesikia," Mama Plamedi akasema.

Akasubiri kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ile ile ya kuuliza kama waletewe pilipili. "Na mie niliyechagua, napata nini?"

"Utapanda wa kwanza. Mbele ya bibi yangu, mbele ya padri. Nitakupeleka fasi yoyote utasema, mie mwenyewe."

"Sema tena, watu wasikie."

Akasema tena, amesimama, mkono kifuani. Kasongo ilisikia.

"Basi utanipeleka Nyangwe."

"Kufanya nini?"

"Kuoga."

Wakacheka tena. Ukitaka kuficha ukweli mbele ya wanaume walioshiba, uweke mezani pamoja na chakula.

Gari lilikuja kwa njia ya Kalemie. Sumaili alilisimamisha kwenye kijito nje ya mji, akaliosha, ndipo akaingia nalo. Waliotoka msikitini walilikuta mbele ya soko, wanakwaya wakaacha mazoezi, madereva wa pikipiki wakazima injini zao kwa heshima. Marcellin, amevaa suti nyeupe, aliliarose, yaani alilimwagia pombe ya baraka, kama inavyotakiwa: bia kwenye kila gurudumu, na zilizobaki kwa watu.

Christophe aliizunguka Range mara nyingi, akagusa taa, akasema G ingekuwa bora zaidi, kisha akaomba apigwe picha nayo.

Mama Plamedi alikuja amevaa kitenge kipya, amebeba furushi dogo. Marcellin akamfungulia mlango wa nyuma. Siti zilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

"Nitakalia nailoni?" mjane akauliza.

"Ni ya kulinda, mama."

"Ulisema siti."

Watu walikuwa wanasikiliza. Marcellin akatabasamu kwa shida, akainama, akaichana nailoni kwa mikono yake mwenyewe. Ngozi ikatokea, nyeupe kama maziwa. Mama Plamedi akashika mpini wa mlango, akajivuta juu, na bangili ikateleza.

Christophe aliuona uzi.

Yeye hununua dhahabu Lusangi. Sheria ya kambi anaijua vizuri kuliko katekisimu, na kilio alichokataa Marcellin ni kimoja tu. Akafungua mdomo, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa, muziki wa spika ulikuwa juu, na Range ikaondoka na vumbi lake.

Marcellin alikaa mbele, kando ya Sumaili, akijipiga video. Nyuma, Mama Plamedi alifungua furushi. Ndani yake kulikuwa na shati la mistari ya kijani, limekakamaa kwa damu iliyokauka. Akalitandaza juu ya siti, kando yake, pale ambapo mtu wa pili angekaa.

Sumaili alitazama kwenye kioo. Shati lile alilijua. Mwaka juzi alilitazama kwenye kioo kingine, likizidi kuwa dogo nyuma ya vumbi la Prado, wakati alipokuwa amekanyaga mafuta kwa amri.

Hapo simu ya Marcellin ikalia. Alikuwa Christophe, na mtandao ulikuwa unakatika.

"Patron, simama... iko na kilio."

"Nini?"

"Iko na kilio, nakuambia. Simamisha, patron, iko na..."

Simu ikafa.

Lugha yetu hii ni tamu, msomaji, lakini ina mitego yake. Sisi watu wa Maniema mtu ni iko, gari ni iko, hata mbuzi ni iko. Christophe alimsema mwanamke. Marcellin, ambaye siku ile kichwani mwake hakukuwa na mtu yeyote, alisikia gari.

"Sumaili, simamisha. Christophe anasema iko na kilio."

Mama Plamedi akavuta kitenge juu ya shati. Kama Marcellin angegeuka nyuma tu, kama angemtazama mara moja tu, yote yangeishia pale njiani, kando ya shamba la mihogo.

Hakugeuka. PDG mzima alishuka, akachuchumaa na suti yake nyeupe kando ya gurudumu, akatega sikio. Akahamia gurudumu la pili. Akalaza shavu juu ya boneti kama anayesikiliza mtoto tumboni. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kapu la mchele alisimama, akamtazama, akaenda zake kwa mwendo wa haraka zaidi.

"Breki labda?" Marcellin akauliza. "Weye unasikia kilio, Sumaili?"

Sumaili alikuwa na nafasi yake. Neno moja tu lingetosha, na angeendelea kuwa dereva wa PDG mpaka uzee. Akainua macho kwenye kioo, yakakutana na ya mjane. Kwa mara ya kwanza alimtambua.

"Sisikii kitu, patron. Motokari iko muzima."

"Christophe ni wivu tu," Marcellin akasema, akapanda.

Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, watu walikuwa wamesimama. Walikuwa wengi, wengine na makoleo, wengine na nguo za kazi. Marcellin alifurahi.

"Tazama, habari imefika mbele yetu. Wamekuja kuona motokari."

Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akainama kwa mzaha. "Shuka, malkia."

"Ukingo iko na utelezi. Nishike mukono."

Akamshika. Watu wale wakamwona akimshika. Wakatelemka pamoja, yeye akicheka na kulalamikia viatu vyake, hadi maji yakawafika miguuni, kisha magotini. Ndipo akagundua kwamba hakuna anayelitazama gari. Wote walikuwa wanatazama mkono wake.

"Élysée," mjane akaita. "Makasi."

Yule wa makala akaingia majini. Bangili ikavutwa nyuma, uzi mweusi ukaonekana, na mkasi ukaukata. Ukaenda na maji.

Uso wa Marcellin ulikauka. Hata mtoto aliyekulia kambini angeelewa. Alijaribu kuvuta mkono, lakini mjane alikuwa ameushika kwa nguvu zote za miezi ile.

"Umenishika mukono mbele ya watu yako," akasema. "Umenipeleka kwa mayi na motokari yako. Sasa uliza baba ya Plamedi ni nani."

"Mama Plamedi, tuongee..."

"Walimuleta mpaka ku mulango yako. Alikuwa anapumua. Ulisema damu itachafua siti." Sauti yake ilivunjika, akaiokota. "Nimekuchukia kila siku. Kila samaki nilikukaangia nilikuchukia."

Marcellin akageuka kwenye gari. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya ngozi nyeupe, shati la kijani lilikuwa limelala peke yake.

"Sumaili, washa tuende!"

Sumaili aliteremka polepole, akaingia majini na viatu vyake, akampita tajiri wake. Ufunguo wa Range akauweka kwenye kiganja cha mjane.

"Ile siku nilikanyaga mafuta," akasema. "Leo sikanyage."

Mjane akamwachia Marcellin, akanyoosha mkono wenye ufunguo juu ya maji ya kina, pale mto unapoanza kuvuta. "Sema jina yake. Sheria inataka jina. Ukisema, funguo ni yako, na utakaa kwa mukeka kama mutu."

Marcellin akawageukia wachimbaji. Akawatazama watu wake mmoja mmoja, akitafuta mdomo utakaomnong'oneza. Midomo yote ilikuwa imefungwa.

"Torshi," akasema.

"Torshi haiko jina. Ni kitu ya kununua soko."

"Aliitwa Torshi, watu wote..."

"Alikuwa na jina. Baba yake alimupa. Nilimushonea mu kola ya shati, sababu kambini nguo zinachanganyikana. Enda usome. Iko pale juu ya siti yako."

Marcellin alitoka majini. Alitembea hadi kwenye mlango ulio wazi, suti inamchuruzika, akasimama. Kola ilikuwa imekunjika upande wa chini. Ilimbidi alishike shati, aligeuze, aibandue ile damu kwa vidole. Akanyoosha mkono. Akaurudisha. Hata sasa, msomaji, watu wote wanamtazama, bado aliogopa kuchafuka.

Ndipo pikipiki ikasikika, inakuja kwa kasi kutoka upande wa Kasongo. Christophe alikuwa nyuma ya dereva, amesimama, anapunga mikono. Christophe, ambaye aliinunua dhahabu ya Bisimwa kwa miaka mingi, na kila mara alimwita kwa jina lake.

"Patron," sauti ikaja na upepo, "mie najua jina! Usiguse kitu, mie najua!"

Marcellin akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu atoke majini akatabasamu.

Mama Plamedi aliliona tabasamu hilo. Akaitazama pikipiki, akayatazama maji, kisha akaanza kufungua vidole vilivyoshika ufunguo.